Kadi Iliyobandikwa Muhuri

Naanza kwa jina la Yule asikiaye kauli kabla haijafika ulimini, asiyehitaji waya wala karani. Haya niyaandikayo ni ungamo la fundi, na atakayeyasoma asinitafutie udhuru.

Hizza bin Mwinjuma aliniita Jumanne, jua likiwa limepanda kiasi cha mkuki. Nyumba yake iko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, na ukumbini mwake ndimo anamoshonea magodoro. Nilikuta pamba imetapakaa sakafuni na jamvi limepinda. Misumari miwili ya ukutani, iliyozoea kubeba mabuibui ya mkewe, ilikuwa mitupu. Sikuuliza. Kompyuta ilikuwa mezani pake, lile sanduku jeusi nililoliunda kwa mikono yangu miaka saba nyuma na kumtunuku siku ya harusi yake.

"Mtandao umekufa, Mzee Mbwana," alisema baada ya salamu. "Tangu jana jioni kadi inalala, inaamka, inalala tena, kama mgonjwa wa homa. Mimi godoro likizama najua lina ugonjwa gani, lakini sanduku lako hili linanishinda."

"Jana ulituma kitu?"

"Nilituma kauli."

"Ikafika?"

"Iliandika inatuma. Ikanyamaza. Ikaandika tena inatuma. Mwishowe nikauchomoa umeme kwa hasira."

"Na leo je?"

Alikuna shingo. "Leo nataka kutuma nyingine. Ya haraka, Mzee. Nakuomba usinihoji, tengeneza tu."

Katika zama zetu hizi kauli ya mtu haina nguvu mjini mpaka ifike kwenye Sajili ya Ndimi. Ndoa, talaka, nadhiri, wakfu na usia, vyote hupita humo. Mtu husimama mbele ya mashine ya nyumba yake akatamka. Mashine hugeuza sauti kuwa maandishi, kadi ya mtandao huyapa namba, kisha huyapeleka. Sajili haihifadhi sauti, kwa kuwa masheikh walioiasisi waliona kuhifadhi sauti za watu ni kuwavua nguo. Huhifadhi maneno na namba. Kauli mbili zenye namba moja ni kauli moja iliyorudiwa njiani. Zikiwa na namba mbalimbali, ni kauli mbili. Nayo iliasisiwa kwa huruma. Zamani mwanamume aliweza kutaliki asubuhi na kukana jioni, na mwanamke akabaki hajui kama ni mke au si mke. Kwa sababu hiyo ikawekwa kanuni kwamba ulimi wa mume hausikilizwi ukipingana na Sajili.

Nilianza kazi kwa utaratibu niliofundishwa. Nilitazama nyuma ya sanduku, taa ya kadi imezimika. Nikabadili kebo, haikuwaka. Nikahamia tundu jingine la ukutani, haikuwaka. Nikaingia katika mipangilio nikakuta kadi imeruhusiwa kujilaza ili kubana umeme. Nikaifungia ruhusa hiyo. Nikaiondoa programu inayoiendesha kadi nikaipakia upya. Taa ikapepesa mara mbili, ikafa. Ikanibainikia kwamba maradhi yamo mwilini mwa kadi, wala si katika maagizo yake.

Kabla ya kulifungua sanduku nilitimiza adabu ya sitara. Marehemu Fundi Kihiyo, aliyenifunza kazi, alituusia tusishike kadi ya nyumba ya mtu kabla hatujaifuta kumbukumbu yake, kwani huenda mna siri za ndani, na kufuta tufute tukiwa tumegeuza uso. Kwa miaka arubaini nimeshika wasia huo, na mji mzima wanijua kwao. Nikageuza uso, nikaipa amri. Lakini mashine haifuti bila kuuliza, na anayeulizwa hana budi kutazama mahali pa kubonyeza. Jicho likaangukia kiooni: "Kauli 3 zimo katika kumbukumbu ya kadi. Zifutwe?" Nikabonyeza ndiyo.

Nililegeza skrubu, nikaichomoa kadi kwenye ubao mama. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yameingia weusi wa chumvi ya hewa. Nikayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikayapangusa kwa kitambaa kikavu, nikairudisha mpaka ikalia tak. Juu ya kadi ulikuwapo muhuri wa buluu wa Sajili, ukingo wake umeinuka kidogo. Nikaukandamiza kwa kidole gumba. Nilipowasha, taa ya kijani ilitulia.

"Imepona," nikasema.

"Mungu akuzidishie umri! Sasa, Mzee, nipishe kidogo."

Nikatoka barazani. Dirisha lilikuwa wazi, nami sikuwa na la kufanya masikio. Nikamsikia akijikohoza, kisha akisema kwa sauti ya mtu anayebisha hodi: "Mwanatumu binti Khatibu, nimekurejea. Nimekurejea kwenye ndoa yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa misumari mitupu. Moyoni nikamhimidi Mola kwamba mikono yangu imekuwa sababu ya heri. Ukapita muda wa kusoma Qulhuwallahu mara tatu. Hizza akatoka.

"Inakataa," alisema. "Inasema hapana rejea. Inasema nimemtaliki mara tatu."

"Jana ulitamka mara ngapi?"

"Moja! Wallahi moja, Mzee. Tuligombana juu ya jambo la kipuuzi, juu ya godoro la mama yake, nikatamka moja, na kabla sijafunga mdomo nimekwisha kujuta. Tatu nizitoe wapi mimi?"

Asiyejua hukumu hii na aijue. Aliyetaliki mara moja ana haki ya kumrejea mkewe maadamu eda haijesha, nayo ni miezi kama mitatu. Aliyetaliki mara tatu amefunga mlango. Mke huyo ni haramu kwake mpaka aolewe na mwingine ndoa ya kweli na kuachana naye. Baina ya moja na tatu palikuwa na maisha ya watu wawili. Na mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kufuta kumbukumbu ambayo ingeonyesha, kwa saa na dakika, kwamba zile tatu zilikuwa nakala za pumzi moja.

*

Shauri lilipangwa kusikilizwa baada ya siku ishirini. Siku hizo nilizitumia karakanani kwangu nikimtafuta mshitakiwa.

Sanduku la Hizza liliwekwa mbele yangu kwa idhini ya Sajili. Niliipima kebo yake ya kale. Nikalipima tundu la ukutani, nikachunguza kama panya wamepita. Nilitamani nione waya uliotafunwa, niwapelekee watu wa Sajili niseme: huyu hapa. Lakini yote yalikuwa mazima. Mimi nilijua tangu ile siku ya kwanza pale barazani kwa Hizza, na ujuzi huo nilikuwa nauzungukazunguka kama mtu anayekwepa kukanyaga kivuli chake.

Kadi ile haikuwa ya muhuri. Sajili hupima kadi zake na kuzipiga muhuri kwa sababu moja kubwa: kadi ya muhuri ikilala katikati ya kutuma, ikiamka hukumbuka namba iliyotoa. Kadi ya kawaida huamka ikiwa imesahau. Huikuta kauli bado imo mkononi mwake, haijapata jibu kwamba imepokelewa, basi huiona ni kauli mpya na kuipa namba mpya. Miaka saba nyuma, wiki ya harusi ya Hizza, kadi za muhuri zilikuwa zimechelewa kufika Tanga. Nami nilikwisha kutangaza msikitini kwamba bwana harusi nitamtunuku mashine iliyoundwa kwa mkono, na kwamba nikahi itapita humo. Nilichukua kadi ya kawaida. Nikabandua muhuri wa kadi iliyokufa, nikaubandika juu yake kwa gundi. Nikajiambia nitaibadili mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuja mara themanini na nne.

Nayo kadi ilinipa onyo siku ile ile ya harusi. Nikahi ilipotumwa, Sajili ilijibu mara tatu kwamba imepokea ndoa. Ukumbi mzima ukacheka, mzee mmoja akasema Hizza ameoa mara tatu mke mmoja, ni baraka. Nami nikacheka pamoja nao. Karani akazifuta zile mbili za ziada, tukala pilau.

Mwanatumu alinijia siku ya tisa, alasiri, akifuatana na mama yake aliyebaki kukaa kibarazani. Mwanatumu ni mkunga, mwanamke mrefu asiyependa maneno ya kuzunguka, nami marehemu baba yake tulisoma naye chuo kimoja.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

Akatazama rafu. "Lo! Maiti za mashine zimejaa hivi? Huziziki?"

"Nyingine hufufuka."

"Afadhali zao." Akaketi. "Ami, mimi nilikuwa jikoni nachuja tui. Nilimsikia Hizza. Alitamka mara moja. Na hiyo moja ilitosha kunivalisha buibui nikatoka. Shehe wa Sajili ananiambia ushahidi wangu haufai, kwa kuwa shauri ni langu."

"Ndiyo kanuni."

"Naijua kanuni. Nimekuja kukuuliza wewe, uliyeliunda sanduku. Na usifikiri nimekuja kulilia mume. Ninamkasirikia bado. Huenda angenirejea nikamwambia lala na godoro lako, huenda nisingemwambia. Lakini nataka kukataa kwa ulimi wangu mwenyewe, au kukubali. Sitaki kukataliwa na waya."

Akaegemea mbele.

"Siku ya harusi yetu mlinicheka kwamba nimeolewa mara tatu. Nimelikumbuka usiku wa juzi, nikakaa kitandani. Ile si ishara, Ami? Pengine sanduku lina kasoro ya kurudiarudia?"

Mlango wa kutubu ulifunguliwa mbele yangu na mtoto wa rafiki yangu, nao ukafunguliwa kwa adabu, wala si kwa shutuma. Ningesema neno moja tu. Lakini nilimwona Mbwana fundi wa miaka arubaini, Mbwana wa sitara, Mbwana anayeletewa mashine kutoka Pangani na Muheza, akivuliwa kofia mbele ya watu. Nikasema:

"Ile ilikuwa ni mitambo ya Sajili yenyewe. Siku zile ilikuwa ikirudia majibu. Mashine zangu hazina kasoro."

"Haya," akasema polepole. "Wewe ndiye mjuzi." Akaongeza: "Na baraza la Sajili litakuuliza ulichoona ulipofuta. Uliona nini?"

"Niliona hesabu ya kauli. Tatu."

"Lakini wewe hugeuza uso. Watu wote wanajua hugeuza uso. Ukisema hukuona, nani atakayekukadhibisha? Shehe akikosa shahidi wa kuiunga mkono Sajili, kanuni humruhusu amwapishe Hizza, na Hizza ataapa kweli!"

"Unanitaka niseme uongo, Mwanatumu?"

Aliinama. Nilimwona anaona haya, na haya ile alinionea mimi, aliyenidhania mcha Mungu. "Nisamehe, Ami," akasema. "Shetani ana maneno mengi mtu akiwa na dhiki." Akaondoka, nami nikabaki na uongo wangu wa robo saa nyuma, ambao hakuna aliyeuombea radhi.

*

Baraza la Sajili lilikaa Alhamisi. Shehe Mgaza ndiye aliyekuwa hakimu, mtu mpole mwenye kikohozi, aliyezoea kuanza kila shauri kwa kuwakumbusha wahusika kwamba Mungu yupo chumbani. Hizza alikaa kushoto kwa kanzu nyeupe. Mwanatumu alikaa kulia, mikono magotini, na mama yake kando yake.

Karani alisoma: kauli ya kwanza, saa kumi na moja na dakika nne, ya pili, saa kumi na moja na dakika tisa, ya tatu, saa kumi na moja na dakika kumi na tano. Maneno ni yale yale, namba tatu mbalimbali.

"Dakika kumi na moja nzima," alisema Shehe Mgaza. "Mwanangu Hizza, mtu mwenye hasira huweza kutamka, akazunguka chumba, akarudi akatamka tena. Nimeyaona hayo mara nyingi."

"Shehe, mimi katika dakika hizo nilikuwa nimekaa juu ya pamba nalia kama mtoto!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Ulimi wa mume dhidi ya Sajili hausikilizwi," alisema Shehe kwa huzuni. "Twende kwa shahidi. Fundi Mbwana bin Sheukindo."

Nilisimama. Nikaapa, mkono juu ya msahafu, kwamba nitasema kweli.

"Fundi, wewe hapa ni shahidi wa jicho. Shahidi wa jicho haulizwi anavyodhani, huulizwa alivyoona. Ulipofuta kumbukumbu ya kadi, uliona nini?"

"Niliona imeandikwa kauli tatu."

"Tatu, si moja?"

"Tatu."

Hizza alifumba macho. Mwanatumu alinitazama, na katika kutazama kwake hapakuwa na lawama, na hilo ndilo lililonichoma. Aliamini kwamba nimeshindwa kusema uongo.

Shehe Mgaza alikohoa, akasubiri, akaniuliza kama ilivyo desturi ya baraza: "Una neno la ziada linaloihusu mashine, ambalo baraza lapaswa kulijua?"

Kifungu nilikijua kwa moyo. Kila fundi mwenye kibali hukihifadhi kabla hajapewa bisibisi: kauli zinazofanana zilizotoka katika siku moja kwenye kadi isiyo na muhuri huhesabiwa kuwa moja. Mstari mmoja tu. Kadi ilikuwa pale mezani, katika mfuko wa nailoni, na muhuri wa buluu juu yake unaonekana. Ukucha wa karani ungetosha kuubandua.

"Sina, Shehe," nikasema.

Ikahukumiwa tatu.

Nilirudi nyumbani nikaswali adhuhuri nikasahau idadi ya rakaa. Nikajiambia: hukuapa uongo. Uliulizwa ulichoona, ukasema ulichoona. Na kweli yake ilikuwa kweli, herufi kwa herufi. Lakini niliisema kweli moja ili niifiche ya pili, na mtu afanyaye hivyo hana tofauti na yule aliyesimama mlangoni mwa nyumba inayoungua akiwaeleza wapita njia kwamba mlango umepakwa rangi ya kijani.

*

Siku sitini hivi nilijaribu kuishi. Mashine nilizitengeneza, zikapona, wenyewe wakanisifu, na sifa ikageuka shubiri kinywani. Kila aliponiomba mtu niifute kumbukumbu kwanza kama ilivyo ada yangu, mkono ulikuwa mzito. Niliacha kukaa safu ya mbele msikitini. Hizza nilikutana naye mara moja tu, sokoni. Amekonda, amefuga ndevu bila kuzichana. Akanisalimu kwa heshima. "Usijitie unyonge, Mzee," akaniambia. "Ulisema kweli. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeandika."

Mtu niliyemdhulumu alikuwa ananifariji, tena anamsingizia Mola kazi ya gundi yangu. Sikuweza kufika nyumbani. Niligeuka pale pale sokoni, nikaenda moja kwa moja kwa Shehe Mgaza, nikamkuta anakunywa uji wa pilipili manga kwa ajili ya kifua.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akaweka bakuli chini.

"Muhuri wa kadi iliyokufa," alirudia.

"Ndiyo, Shehe."

"Nami nilikuuliza, Mbwana. Nilikuuliza na nikasubiri."

"Ulisubiri."

"Niliona kitu usoni mwako. Nikasema moyoni, huyu ni mzee wa safu ya mbele, si haki kumkazia macho." Akatikisa kichwa. "Basi na mimi nina fungu langu."

Hakunifokea, na laiti angenifokea. Aliita karani, kadi ikatolewa ghalani, muhuri ukabanduliwa kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa patupu, hapana namba ya upimaji. Hukumu ikaandikwa upya siku ile ile: talaka ni moja, mume ana haki ya kurejea maadamu eda haijesha. Kibali changu cha ufundi kikachukuliwa, na jina langu likabandikwa ubaoni mwa Sajili pamoja na sababu yake. Hayo niliyastahili, wala sitayasemea zaidi.

"Eda ya Mwanatumu imebaki siku ngapi?" nikauliza.

Karani akahesabu. "Nane."

Nikashika kichwa kwa furaha. Siku nane! Nilitembea na ile hati ya hukumu kifuani kama mtu aliyebeba yai. Nikampitia Hizza, akaisoma mara mbili, akakaa chini juu ya pamba, akaniinukia akanikumbatia, wala hakuuliza kwa nini nilinyamaza. Hilo aliliweka la baadaye, na haki yake ya kuuliza bado ipo.

"Naweza kutamka rejea sasa hivi," alisema, akatazama pembeni ilipokuwa mashine mpya ya Sajili. Kisha akajizuia. "Hapana. Nilitamka mara ya kwanza bila kumuuliza mtu, tazama yaliyonipata. Kisheria sihitaji ridhaa yake, lakini mimi nitaihitaji. Tangulia wewe, Mzee. Wewe anakuheshimu."

*

Mwanatumu alikuwa kwa mama yake, mtaani Makorora. Hizza alibaki upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la vitambaa lililofungwa. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na kofia amekwisha kuiweka sawa mara sita.

Nilikaribishwa ukumbini, mama yake akakaa nasi. Sikunywa chai nisije nikafarijika. Nikasema yote, ya kadi, ya muhuri, ya uongo niliomwambia karakanani siku aliponikumbusha kicheko cha harusini. Nikamkabidhi hati. Aliisoma bila haraka, kama anavyosoma, nadhani, kadi za wajawazito.

"Kwa hiyo alikuwa mume wangu," alisema. "Miezi hii yote."

"Ana haki ya kukurejea. Yuko nje pale. Hataki kutamka mpaka umwambie. Mwanatumu, mimi sistahili radhi yako, lakini mlango upo wazi."

Aliikunja hati mara mbili, akailaza mapajani.

"Ami, nikuambie kitu ambacho mama hajui." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu anayetoa habari. "Baada ya baraza nilirudi hapa nikakuta bado nampenda. Nikafua shuka, nampenda. Nikapokea mtoto wa mtu hospitalini, nampenda. Na yeye ameshakuwa haramu kwangu. Nikaogopa. Nikasema, nitakaaje na dhambi hii moyoni, ya kumtamani mtu ambaye Mungu amenikataza? Basi kila sijida, Ami, kila sijida ya kila sala, nikawa naomba: Ya Rabbi, mtoe. Mtoe Hizza moyoni mwangu, usiniachie hata harufu yake. Nililia kwa dua ile siku arubaini."

Mama yake akaleta mkono mdomoni.

"Akanijibu," alisema Mwanatumu. "Siku moja asubuhi niliamka nikawa mwepesi. Nikaswali shukrani. Nimemtafuta ndani yangu tangu ulipoanza kusema, na hayupo. Ni mtu mwema, namwombea heri. Lakini ni kama mume wa jirani."

"Huenda akirudi—"

"Nilipokuja kwako nilitaka nikatae kwa ulimi wangu. Nimepewa." Akainua macho yaliyojaa maji ambayo hayakumwagika. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Nimwombe Mola anirudishie alichokiondoa kwa kuniitikia? Nimwambie dua ile ilikuwa ya makosa, nilipewa habari zisizo sahihi?"

Nimesoma fiqhi, nimesoma tafsiri, nimehifadhi beti kwa mamia. Swali lile halimo humo.

"Kamwambie asitamke," alisema. "Mwambie kwa upole, Ami. Yeye hakukosa mara tatu."

Nilisimama. Mama yake alinifungulia mlango bila kunitazama. Jua la nje lilikuwa kali. Hizza aliponiona alivuka barabara nusu, akasimama katikati yake, pikipiki zikamkwepa huku na huku. Akaiweka kofia sawa mara ya saba, akaanza kutabasamu.